Fimbo, kiti na kipoyi: wazee waliopotewa na akili na mwendo katika historia ya Kivu

Tukiandika juu ya desturi zetu, mara nyingi tunaandika juu ya mahari, kutawazwa kwa mwami, matanga na kugawa shamba. Juu ya mzee ambaye akili imemtoka na miguu imeanza kukataa, tunaandika kidogo sana. Hata hivyo, kule Kabare, Walungu, Mwenga, Kalehe, na hapa Bukavu mjini, ni jamaa chache ambazo hazikupata kuwa na mzee wa namna hiyo nyumbani. Katika kurasa hizi tutaonyesha namna wakubwa wetu walivyomsindikiza, mambo gani yaliharibu ile desturi, na sehemu gani ya desturi hiyo inafaa leo, kisha tuitengeneze kidogo.

1. Ugonjwa unaoshika akili unashika pia mwili

Watu wetu wanasema: «Koko amerudia utoto», ao «kichwa imemupotea». Waganga wa hospitali wanaita ugonjwa huo demansi. Aina yake inayojulikana zaidi ina jina la Alois Alzheimer, muganga wa Ujerumani. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alipokea mama wa miaka 51, Auguste Deter, ambaye alikuwa anasahau hata jina lake. Mama huyo alifariki mwaka 1906, na mwezi wa 11 wa mwaka uleule Alzheimer alieleza mbele ya wenzake mambo aliyoyaona ndani ya ubongo wake. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliandika jina Alzheimer katika kitabu chake cha mafundisho, na ugonjwa ukabaki na jina hilo.

Lakini ubongo hautunzi kumbukumbu peke yake. Ndio unaoshika mgongo wima, unapima urefu wa hatua, unajua kiti kiko wapi nyuma ya matako. Mwaka 1817, Mwingereza James Parkinson alikuwa amekwisha kueleza watu walioinama mbele, wenye hatua fupi za haraka kama wanaofukuza uzito wao wenyewe. Mwaka 1912 Friedrich Lewy aliona ndani ya bongo za wagonjwa wa Parkinson chembe ambazo leo zinaitwa kwa jina lake, na iko demansi moja inayobeba jina hilo pia.

Ndio maana mzee mwenye demansi anabadilika mwili wake wote. Mgongo unapinda, kichwa kinaangalia chini, hatua zinakuwa za kukokota. Mwingine analalia upande mmoja akikaa, sawa mti uliosukumwa na upepo. Mwingine anasimama mlangoni, miguu inaganda, hawezi kuvuka. Akiona kivuli ao kitambaa cheusi chini, anafikiri ni shimo. Mwingine anaanza kukaa kabla hajafika kwenye kiti, anaanguka. Kwa wengi mambo haya yanakuja polepole, kwa miaka, na kwa wenye demansi ya Lewy yanaweza kuanza mapema sana. Mwishoni mzee habanduki tena kitandani. Jamaa isiyojua inasema: «Anajifanyisha», ao «ni uvivu». Hapana, ni ugonjwa uleule.

2. Wakati wa zamani: fimbo, kiti na mtoto

Wakubwa wetu hawakujua jina la ugonjwa, lakini waliona mwili. Nyumba ya Mushi ilikuwa ndani ya shamba la migomba. Mzee hakuhitaji kwenda mbali: kivuli kiko, jirani anapita, watoto wanacheza mbele yake. Alikuwa na vitu vitatu.

Cha kwanza ni fimbo. Ilikuwa alama ya ukubwa, na mzee mwenye fimbo anasalimiwa mbele ya wengine. Basi alipoanza kuyumba, hakupata haya ya kuishika, kwa sababu ilikuwa mkononi mwake tangu siku za nguvu. Hilo lilikuwa jambo la hekima. Leo vijana wanapewa aibu na fimbo, na mzee wa mjini anaikataa mpaka siku ya kuanguka.

Cha pili ni kiti. Katika Urega kiti cha mti kinaitwa kisumbi, na ndani ya bwami, chama kikubwa cha Warega, kilikuwa alama ya daraja. Kwa makabila mengi ya huku kwetu, kumtolea mzee kiti ndio salamu ya kwanza. Lakini tuseme ukweli: kiti cha zamani kilikuwa kifupi, hakina mgongo wala mikono. Mzee mwenye nguvu anasimama kutoka pale bila shida. Mzee ambaye misuli imekazana na ubongo umesahau namna ya kuinuka anabaki pale kama amefungwa. Kiti kilitoa heshima, lakini kwa mgonjwa kilikuwa mtego.

Cha tatu, nacho kilikuwa kikubwa kupita vyote, ni mtoto. Jamaa ilichagua mjukuu mmoja, akalala katika nyumba ya koko, akamletea moto na maji, akatembea mbele yake njiani. Fimbo ikishindwa, bega la mtoto linakuwa fimbo. Hiyo inaeleweka vizuri: mtu wa demansi anaweza kusahau matumizi ya fimbo, akaibeba hewani ao ikamtega miguu, lakini bega la mtu analifahamu mpaka karibu na mwisho.

Hatusemi zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Moto ulikuwa chini, katikati ya nyumba, na mzee anayeyumba anaweza kuungua. Wengine waliachwa juu ya mkeka mpaka magoti yakakauka yamekunjwa na ngozi ya mgongo ikaoza. Wengine walifungwa kamba mguuni ili wasipotee. Desturi ina sura mbili, na mwenye kuiandika anapashwa kuonyesha zote mbili.

3. Wakati wa ukoloni: kipoyi na mji

Wafaransa wanaandika «tipoye», sisi tunasema kipoyi. Wakati wa Leopold II (1885-1908), na hata baadaye wakati wa Wabelgiji, watu wetu walibeba mizigo ya serikali kichwani na wazungu juu ya mabega. Kipoyi kilikuwa kiti cha bwana, na mabega yalikuwa ya kulazimishwa. Lakini katika milima ya Kivu, machela ya mianzi ilikuwa pia gari la mgonjwa, na kazi hiyo watu waliifanya kwa mapenzi ya ujirani. Wanaume wanne ao zaidi wanabeba, wengine wanafuata ili wabadilishane kwenye mpando. Kidole kimoja hakiui chawa. Mtu aliyekataa kubeba mgonjwa wa jirani alijua kwamba siku yake ikifika hatapata mabega. Mpaka leo, mahali ambapo gari halifiki, kipoyi kingali kinateremsha wagonjwa mpaka kwenye barabara.

Ukoloni ulileta pia mambo mawili mengine. Tangu 1917 serikali ililazimisha kila kijiji kulima mazao yake, kisha mashamba makubwa ya kahawa, chai na kinini yakachukua vijana. Nguvu za kubeba mzee zikapungua nyumbani. Halafu mji ukakua: Costermansville ya wakati ule ndio Bukavu ya leo. Bukavu ni mji wa vilima. Kadutu, nyumba nyingi zinafikiwa kwa ngazi za udongo na njia ya mtu mmoja. Koko aliyezoea kukaa chini ya mgomba, akiletwa mjini kwa mtoto wake, anakuta mteremko mbele ya mlango. Mara moja anakuwa mufungwa wa chumba kimoja. Na miguu isiyotembea inakufa haraka.

4. Vita na masingizio

Mwezi wa 10 mwaka 1996 vita iliingia Bukavu. Ikafuata ile ya 1998 mpaka 2003, mapigano ya mwezi wa 6 mwaka 2004, na mwezi wa 2 mwaka 2025 M23 ikaingia mjini. Kila mara watu walikimbia kwa miguu. Mwenye kukimbia anabeba mtoto mgongoni na matela kichwani. Mzee aliyepinda, ambaye haelewi kwa nini watu wanapiga mbio, huyo habebeki. Jamaa nyingi ziliamua kwa dakika chache jambo ambalo zilililia miaka. Kipoyi kinaomba watu wanne wenye utulivu, na vita haiachi watu wanne pamoja.

Jambo la pili ni baya zaidi, kwa sababu halikuletwa na mgeni. Mama mzee mwenye demansi anaamka usiku, anatembea ameinama, anasema na watu wasioonekana, kesho yake anakutwa kwenye mlango wa jirani. Jirani anasema: «Ni mchawi.» Mwezi wa 9 mwaka 2021 habari zilitangaza kwamba katika Kivu ya Kusini wanawake wanane waliosingiziwa uchawi waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto. Hatusemi wote walikuwa na ugonjwa huu. Tunasema hivi: mgongo uliopinda, kutangatanga usiku na kuona watu wasiokuwepo ni dalili zilizoandikwa katika vitabu vya waganga. Mwalimu, sefu wa avenyu, padri na mchungaji, kila mmoja anaweza kuokoa maisha kwa kusema neno hilo mapema.

5. Desturi gani tuchukue leo

Fimbo. Tuirudishie heshima yake, tena mapema, mzee angali anajifunza. Kambambili zinateleza: tutafute viatu vinavyoshika kisigino. Miguu ikiganda mlangoni, tusimvute. Tusimame karibu naye, tuhesabu moja, mbili, ama tuimbe wimbo anaoujua. Mara nyingi mguu unafuata ngoma wakati haufuati amri.

Kiti. Kimo chake kifikie nyuma ya magoti, kiwe na mgongo na mikono. Fundi wa mbao yeyote wa Kadutu anaweza kukitengeneza. Mzee akilalia upande, tumuwekee kikwembe kilichokunjwa ubavuni. Kumuinua, tusivute mikono wala makwapa. Miguu irudi nyuma kidogo chini ya magoti, kifua kiende mbele, ndipo asimame. Tena asilishwe buyi ao bugali akiwa amelala chali, kwa maana chakula kinaweza kuingia katika mapafu.

Kitanda. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, na kitambaa kiwekwe kati ya magoti. Mikono na miguu inyooshwe polepole kila siku, bila nguvu, isikauke.

Muganga. Kupinda kwa miaka ni jambo moja. Mzee aliyetembea jana na leo amelalia upande, ao mdomo umekwenda pembeni, ni jambo lingine: malaria, maambukizo ao mshipa wa ubongo. Huyo apelekwe hospitali siku ileile. Kuna tena dawa za kutuliza fujo, kama haloperidol, ambazo zinakaza mwili na kuongeza kuanguka, zaidi sana kwa mwenye demansi ya Lewy. Tumuulize muganga, wala tusizinunue ovyo ovyo kwenye duka.

Mtoto. Hapa ndipo pagumu. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na sisi walimu tunafurahi kuona mjukuu darasani. Hatuwezi kumrudisha awe fimbo ya koko mchana kutwa. Basi kazi ile iwe ya watu wazima, kwa zamu, sawa wabebaji wa kipoyi: asubuhi mmoja, mchana mwingine, usiku mwingine. Mahali pengi mzigo wote umebaki juu ya binti mmoja ao mke wa mtoto, naye anavunjika mgongo kabla ya mgonjwa. Wakubwa wetu hawakupanga hivyo. Hakuna kipoyi cha mtu mmoja.

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba watu wa umri mkubwa wana haki ya kulindwa kadiri ya mahitaji ya mwili, akili na roho zao. Maneno ni mazuri, lakini katika avenyu zetu bado hayajawa mabega. Tunaomba basi kila chama cha ukoo, kila shirika la kanisa, kila mutualite, iweke katika mkutano wake swali moja pembeni ya kotizasyo ya matanga: mwezi huu, nani anabeba mzee wa nani?