Uchaguzi wa Mlolongo, Kenya 1988

Uchaguzi wa mlolongo ni jina la uchaguzi wa Bunge la Kenya wa Februari na Machi 1988, chini ya Rais Daniel arap Moi. KANU ilikuwa chama pekee halali tangu katiba ilipobadilishwa mwaka 1982, na Moi hakuwa na mpinzani. Ushindani ulibaki kwenye ubunge, baina ya wana-KANU wenyewe.

Utaratibu wa kupiga kura kwa mlolongo uliidhinishwa na wajumbe wa chama mwaka 1986. Siku ya mchujo, 22 Februari, wanachama walipanga mistari mchana kweupe nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake. Afisa akahesabu vichwa, akatangaza. Aliyezidi asilimia 70 alikuwa amepita moja kwa moja. Kwingineko wagombea walikwenda kwenye kura ya siri ya 21 Machi.

Watetezi wake walidai mlolongo hauibiki, kwa kuwa kila mwenye macho anaona mstari mrefu ni upi. Hoja hiyo ilivutia, na ndiyo iliyoponza. Watu wakishatawanyika hakuna karatasi wala sanduku la kurudia. Kinachobaki ni tarakimu aliyoisoma afisa, na mkubwa wake ni mkuu wa wilaya aliyewekwa na serikali ileile. Malalamiko yakazagaa kwamba wenye mistari mifupi walitangazwa washindi. Tena chifu alikuwepo, akiona nani kasimama wapi, na mwanakijiji alimhitaji chifu huyohuyo kila alipotafuta kitambulisho.

Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, alikuwa ameupinga mlolongo bungeni. Alipoteza kiti cha Starehe. Martin Shikuku naye akaangushwa Butere.

Viongozi wa makanisa, akiwemo Askofu Alexander Muge wa Eldoret, walikuwa wamekemea mapema. Jarida la Beyond, la baraza la makanisa NCCK, lilipochapisha habari za udanganyifu huo lilipigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Shtaka rasmi lilikuwa kutowasilisha taarifa za mauzo.

Kenneth Matiba wa Kiharu alishinda ubunge na kubaki waziri. Baadaye mwaka huohuo uchaguzi wa ndani wa KANU ulivurugwa huko kwao, naye akajiuzulu uwaziri Desemba, jambo ambalo mawaziri wa Moi hawakuwa na mazoea nalo. Chama kikamfukuza. Mei 1990 yeye na Rubia walijitokeza hadharani kudai vyama vingi, na Julai wakawekwa kizuizini.

Kamati ya KANU chini ya Makamu wa Rais George Saitoti ilizunguka nchini mwaka huo ikisikiliza lawama, na Desemba wajumbe waliokutana Kasarani wakaufuta mlolongo pamoja na kanuni ya asilimia 70. Vyama vingi viliporuhusiwa, Shikuku alirudi bungeni Desemba 1992, kwa kura ya siri na kwa tiketi ya chama cha FORD-Asili.