Rangi na Thamani ya Almasi

Mkoani Songwe, kuanzia mpakani Tunduma hadi Mkwajuni na Saza, madini yajulikanayo zaidi na wananchi ni dhahabu. Sehemu ya machimbo ya Lupa, yaliyovuma tangu miaka ya 1920, imo katika mkoa huo. Bei ya dhahabu haina fumbo kubwa: hupimwa uzito na usafi wake, basi. Almasi si hivyo. Mawe mawili yenye uzito uleule huweza kuachana sana kwa bei kwa sababu ya rangi tu.

Almasi ni kaboni iliyokazwa kwa joto na mgandamizo mkubwa ndani ya ardhi. Isiyo na rangi kabisa, mfano wa maji safi, ndiyo msingi wa kulinganishia. Ikiingiwa na naitrojeni hupata umanjano, na umanjano hafifu huishusha bei. Lakini rangi ikikolea mno, hukumu hugeuka. Manjano iliyoiva, buluu iletwayo na boroni, na waridi itokanayo na kupindika kwa mpangilio wa chembe za jiwe, ni rangi adimu; na kilicho adimu hugombewa.

Taifa letu lina ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua mgodi wa Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1947 ilipatikana humo almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson alimtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Ilipokatwa London ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na wenyeji hawakuwa na kauli juu ya jiwe hilo.

Mwaka 2021 almasi nyingine ya waridi ya Mwadui, yenye karati 32 na ushei, iliuzwa ikiwa ghafi kwa dola za Marekani milioni 13.8. Baada ya kukatwa ilibaki karati 11.15, na Oktoba 2022 ikanadiwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Uzito ulipungua kwa theluthi mbili, bei ikaongezeka mara nne. Ongezeko hilo lilitokana na ujuzi wa kuisoma rangi na kuidhihirisha.

Ndiyo sababu uthamini wa almasi ni jambo la Taifa. Mwaka 2017 Serikali ilizuia shehena ya almasi Dar es Salaam: hati ziliitaja kuwa ya dola milioni 14.8, nao wathamini wa Serikali wakaikadiria kuwa ya dola milioni 29.5. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa almasi, daftari la kwanza ni jicho lililofundishwa. Hapana budi vijana wetu, wa Songwe na wa Shinyanga, wajifunze kemia, nuru na ukataji wa mawe, ili mali ya nchi isipimwe kwa macho ya wageni peke yao.