Picha Haikupotea, Iliachwa Nyumbani

Wasee, hii ni ya kila mtu anayetengeneza kalenda za chama, mabango ya shoo, na zaidi ya yote eulojia za mazishi. Unapanga kurasa usiku kucha na kwa skrini picha inang'aa. Asubuhi duka la kuchapisha hapa Nakuru linatoa nakala 200, na uso wa nyanya umekuwa vijisanduku, ama nafasi nyeupe tu. Halafu lawama zote ni kwa fundi wa mashine. Mimi nasema tumwache. Hii shida ina historia, na ukiijua hautairudia.

Zamani picha ya gazeti ilikuwa chuma. Kenya Weekly News, gazeti la walowezi, lilitoka hapa hapa Nakuru. Enzi hizo picha ilihamishiwa kwenye bamba la chuma kwa asidi, ikawa vidoa vidogo vya kushika wino. Daily Graphic la New York lilichapa picha ya vidoa tangu 1880. Kama bamba halikuletwa, pengo lilionekana mezani kabla wino haujagusa karatasi. Hakuna aliyedanganywa.

Kompyuta ndiyo ilileta kiini macho. Mwaka wa 1985 kampuni ya Aldus ilitoa PageMaker, na mtu akaweza kupanga kurasa akiwa mezani kwake. Lakini mashine zilikuwa ndogo: Macintosh ya kwanza, ya 1984, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Picha moja nzito ingeilemea. Ujanja uliotumika ni huu: kwa ukurasa weka kivuli chepesi cha picha, pamoja na anwani ya pale picha halisi imekaa. Hata faili za EPS zilibeba vitu viwili, kivuli cha skrini na maelezo kamili ya lugha ya PostScript. Ukizituma kwa printa isiyojua PostScript, ilichapa kivuli.

Leo laptop zetu zina nguvu, lakini InDesign, iliyotoka 1999, bado inafuata desturi hiyo. Ukibeba faili yake kwa flashi na kuacha folda ya picha nyumbani, umebeba kivuli.

Kwa hivyo kabla ya kutoa PDF, fungua orodha ya linki. Alama nyekundu ya kuuliza inamaanisha picha haionekani ilipo. Pembetatu ya njano inamaanisha imebadilishwa tangu uiweke. Ukitaka kupeleka kazi nzima, tumia amri ya Package, ikusanye picha na fonti mahali pamoja. PDF, iliyoanza 1993, hubeba picha ndani yake, lakini ukiitoa wakati linki imekatika, inachukua kile kivuli.

Kuna kosa la pili, na hili si la linki. Uchapishaji mzuri unataka kama pikseli 300 kwa kila inchi. Picha yenye upana wa pikseli 600 inatosha inchi 2 tu, si ukurasa mzima. WhatsApp nayo hupunguza picha ikitumwa kama kawaida, so waambie jamaa za marehemu waitume kama dokumenti.

Bango la shoo unaweza kurudia wiki ijayo. Eulojia husomwa siku moja, halafu inawekwa kabatini miaka yote. Dakika tano za kukagua linki ni heshima kwa aliyeenda, na pia kwa fundi ambaye angetukanwa bure.