Swali la Shangazi

Binamu yangu ni muuguzi Texas. Mwezi uliopita alinipigia saa nane usiku (husahau tofauti ya saa, kila mara) kuniambia anataka kuingia Jeshi la Marekani awe muuguzi wa nusukaputi, yule anayekulaza kabla ya upasuaji na kuhakikisha unaamka. Mafunzo yako Fort Sam Houston, San Antonio. Jeshi linalipa karo, wewe unalipa kwa miaka ya utumishi. Shangazi, mamake, alikuwa na neno moja tu: "Mwanamume mzima, bado uuguzi?"

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna anayeniuliza ushauri wa kazi. Lakini kusoma historia hakudai digrii.

Mwishoni mwa 1914 Agatha Hodgins, muuguzi wa Cleveland, alivuka bahari na daktari George Crile kwenda hospitali ya Wamarekani huko Neuilly, karibu na Paris. Majeruhi walifika wamepoteza damu nyingi, na etha iliyozoeleka iliwalemea zaidi. Hodgins alitumia naitrasi oksidi iliyochanganywa na oksijeni. Mtu alilala upesi, akaamka upesi. Ila gesi hiyo haitaki mzembe: ukipunguza oksijeni mno anakosa hewa, ukizidisha anazinduka kisu kikiwa mwilini. Kazi yote ni macho na vidole. Unatazama rangi ya midomo, unasikiliza pumzi, hubanduki hata dakika moja. Hodgins aliwafundisha wengine palepale, kisha 1915 akaanzisha shule kwao Cleveland.

Sasa sikia hii. Wauguzi wa jeshi walioenda Ufaransa 1917 hawakuwa na cheo chochote. Unashikilia pumzi ya kanali mkononi, lakini kwenye karatasi za jeshi wewe si ofisa wala askari. Mwaka 1920 walipewa cheo cha jina tu, beji begani bila haki zote wala mshahara wa ofisa mwanamume. Vyeo kamili vya kudumu vilikuja 1947.

Na wanaume je? Kikosi cha wauguzi kiliwafungia mlango. Januari 1945 Rais Roosevelt aliliomba Bunge sheria ya kuwaandikisha wauguzi kwa lazima kwa sababu hawakutosha, eti, huku wanaume waliosomea uuguzi wakiwa tayari ndani ya sare, wengi wao wakipewa kazi nyingine kabisa. Kumbe Shangazi na majenerali walikuwa na fikra moja.

Mlango ulifunguka 1955, kwa sheria iliyopiganiwa na mbunge mwanamke wa Ohio, Frances Bolton. Oktoba mwaka huohuo mwanamume wa kwanza akapewa cheo katika kikosi hicho: Edward Lyon wa New York. Kazi yake? Nusukaputi.

Nilimtumia Shangazi hayo yote kwa WhatsApp, nikijiona wakili. Akajibu: "Sawa mwanangu. Na hao wanaume wote walirudi nyumbani?"

Novemba 30, 1967, ndege ilianguka Vietnam, karibu na Qui Nhon. Wauguzi wanne wa jeshi walikufa humo. Wawili walikuwa wanaume, na wote wawili walikuwa wa nusukaputi.

Bado sijamjibu.