Maabara ya mtandaoni ikimfungia mwalimu mlango

Walimu wa sayansi huniuliza swali hili mara kwa mara: mtu amepata mtandaoni jaribio zuri la kuigiza, la saketi ya umeme au la asidi na besi, akilibofya anaambiwa huduma hii haipatikani katika nchi yako. Afanyeje?

Si swali la anasa. Sekondari ya msingi ilipoanza 2023, ilianzia ndani ya skuli za msingi, na nyingi hazikujengwa na maabara. Mtoto anafika Gredi ya 9 kuchagua mkondo wa masomo hali ya kuwa ammita ameiona kwenye picha tu. Hapo kuambiwa achague sayansi ni mzaha.

Tovuti humjua mtu aliko kwa anwani ya IP, ile nambari anayopewa na kampuni ya mtandao. Ikionyesha Kenya, na mwenye tovuti anauzia Marekani peke yake, mlango unafungwa. Wakati mwingine ni sheria: mwaka 2014 Coursera iliwafungia wanafunzi wa Iran, Sudan na Cuba kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Kenya haimo humo; kwetu mara nyingi ni biashara, au fomu inayotaka jimbo la Marekani kabla ya kukusajili.

Lakini kwanza hakikisha ni nchi kweli. Majaribio mengi ya zamani yaliandikwa kwa Flash, na Adobe waliiacha mwisho wa 2020. Kisanduku cheupe kisichofunguka huenda ni Flash iliyokufa, na hakuna ujanja wa nchi utakaoifufua.

Vijana watamwambia mwalimu aweke VPN aonekane yuko London. Mimi simshauri aanzie hapo. VPN inakula bando na kupunguza kasi, nyingine za bure zinaishi kwa kuuza habari za watumiaji, na mara nyingi masharti uliyokubali wakati wa kujisajili yanaikataza. Sharti ulilolikubali ni ahadi, hata kama hukulisoma. Heri umwandikie mwenye tovuti, utaje skuli yako na idadi ya wanafunzi, uombe ruhusa. Barua pepe haina nauli.

Na kuna majaribio yasiyo na mlango kabisa. Mfano ni PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 2001. Hayaulizi nchi wala malipo, na mwalimu anaruhusiwa kuyanakili na kuwagawia wanafunzi, mradi ataje yametoka wapi. Mwanafunzi anaunga waya, betri na balbu, anaona mkondo ukipita, na akiunganisha vibaya moto unawaka kwenye kioo bila kuunguza mtu.

Uzuri wake ni kwamba kila jaribio la kisasa ni faili moja la HTML la megabaiti chache. Lipakue ukiwa mjini penye Wi-Fi, liweke kwenye flashi, ulifungue kwa Chrome au Firefox kwenye laptopu huko Faza au Kinango bila mtandao. Baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Pakua na la Kiingereza pia, maana mtihani hautatafsiriwa.

Skuli yenye vifaa kadhaa iangalie Kolibri, programu ya bure inayobeba PhET pamoja na masomo mengine. Laptopu moja inakuwa mwenyeji, vingine vinaunganishwa nayo kwa rauta ndogo isiyo na intaneti. (Vile vishikwambi vya serikali vya 2016 vilivyofungiwa kabatini, walimu wakuu, ndio wakati wa kuvichaji tuone vingapi bado vinaamka.) Kiwix nayo inafanya kazi inayofanana.

Kitu kimoja majaribio haya hayawezi. Karatasi ya tatu ya KCSE inataka mkono ulioshika byureti na jicho lililosoma alama yake. Kwa hiyo bodi ya skuli isije ikafuta bajeti ya kemikali kwa hoja kwamba siku hizi kuna kompyuta. Kwa mwalimu anayepakua leo: zima data, funga kivinjari, kisha fungua faili lile upya kabla hujapanda mashua au matatu. Likifunguka hapo, litafunguka darasani.