Ruzuku ya Serikali na Makao ya Sanaa za Maonyesho Tanzania, 1962–2012: Mtazamo kutoka Mpanda

Historia ya sanaa za maonyesho nchini Tanzania kwa kawaida husimuliwa kutokea Dar es Salaam na Bagamoyo, ambako sehemu kubwa ya fedha za umma ilitumika. Sehemu hii inaipima historia hiyo kutokea Mpanda, mji ulio mwisho wa tawi la reli linaloanzia Kaliua, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Hoja inayotetewa ni kwamba suala la msingi katika uendeshaji wa sanaa zinazogharimiwa na Serikali halikuwa ukubwa wa ruzuku peke yake, bali kile ambacho ruzuku hiyo ililipia.

Mnamo Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alilitangazia Bunge kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hatua hiyo ilifuatiwa na Kikundi cha Taifa cha Ngoma mwaka 1963, kile cha Sarakasi baada ya vijana kurejea kutoka mafunzoni China, na kile cha Maigizo mwaka 1974. Wasanii wake walikuwa waajiriwa wa Serikali. Mshahara uliwapa uhakika wa maisha, lakini pia uliwafunga na kalenda ya dola: sherehe za kitaifa, mapokezi ya wageni na ziara za nje. Ngoma za mikoani zilihamishiwa Dar es Salaam, zikafupishwa na kupangwa upya kwa ajili ya jukwaa. Hivyo, mikoa ikawa chanzo cha malighafi zaidi ya kuwa makao ya sanaa.

Vikundi hivyo vilipovunjwa, nafasi yake ilichukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Baadhi ya wasanii wakawa walimu, na ruzuku ikahama kutoka kwa msanii hadi darasani. Mantiki ya mabadiliko hayo ilikuwa na uzito: kikundi kimoja huonekana mahali pamoja kwa wakati mmoja, ilhali mhitimu anaweza kurudi kwao na kufundisha wengine. Hata hivyo, kilichogharimiwa ni mafunzo. Kazi inayofuata mafunzo haikupata makao ya namna hiyo wilayani.

Katika muongo huohuo zilijitokeza njia nyingine mbili. Kwanza, wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo kijijini Malya, mkoani Mwanza. Huko wanakijiji wenyewe walichambua matatizo yao, wakayaigiza na kuyajadili. Pili, vikundi vya kibiashara kama Muungano na Mandela vilichanganya ngoma, vichekesho, maigizo na muziki katika onesho moja, vikiishi kwa viingilio. Njia ya kwanza iliihamishia kazi ya ubunifu kijijini; ya pili iliifuata hadhira, mradi hadhira hiyo iwe na fedha.

Mwaka 2007 chuo cha Bagamoyo kilifanywa wakala wa Serikali kwa jina la TaSUBa, miaka mitano baada ya ukumbi wake wa makuti kuteketea kwa moto. Wakala hutarajiwa kujiongezea mapato, na mapato ya sanaa hupatikana kwa urahisi zaidi karibu na jiji na watalii.

Kwa kipimo cha Mpanda, mabadiliko haya yote yana kasoro moja. Reli ilifika huko mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa, njia ilibaki ikihudumia watu. Leo eneo hilo, lililopewa hadhi ya Mkoa wa Katavi mwaka 2012, lina Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, wafugaji wa Kisukuma, pamoja na familia zenye asili ya Burundi zilizopewa makazi Katumba na Mishamo tangu miaka ya 1970. Jamii ya namna hiyo inayo mambo ya kuambiana jukwaani ambayo hakuna kikundi cha mgeni kinachoweza kuyasema kwa niaba yake.

Kwa hiyo, ruzuku inayostahili kuitwa ya umma haipaswi kupimwa kwa uzuri wa ukumbi wala kwa idadi ya vyeti pekee. Ipimwe pia kwa swali hili: je, mhitimu anayeshuka kwenye treni Mpanda anakuta kazi ya sanaa inayomsubiri, au anakuta mwisho wa reli?