Semina za madaktari kuhusu ini na tumbo: elimu inayopaswa kumfikia mhudumu wa kwanza

Katika nchi jirani za Kenya na Rwanda, kama ilivyo hapa kwetu Uganda, shahada ya udaktari haimruhusu mtu kutibu maisha yake yote bila kurudi darasani. Mabaraza yanayosimamia taaluma hiyo humtaka daktari athibitishe kwamba ameendelea kujifunza ndipo leseni yake ihuishwe. Nchini Kenya kiwango kinachotakiwa ni alama 50 kwa mwaka, na alama hizo hupatikana kwa kuhudhuria semina, mikutano ya kisayansi na mafunzo yanayotolewa kwa njia ya mtandao.

Miongoni mwa semina hizo, zile zinazohusu magonjwa ya ini na ya njia ya chakula zina uzito wa pekee. Magonjwa haya hukaa kimya kwa miaka mingi, na anayeonana na mgonjwa mapema si bingwa wa hospitali ya rufaa bali ni mhudumu wa zahanati au wa kituo cha afya. Mhudumu huyo asipojua cha kutafuta, mgonjwa humfikia bingwa wakati ambapo hakuna tena la kufanya isipokuwa kumpunguzia maumivu. Makala haya yanaeleza semina hizo hufundisha nini, wapi zimeleta mabadiliko na wapi hukwama.

Ukubwa wa tatizo

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi vya homa ya ini aina ya B, na wengine milioni 50 na virusi vya aina ya C. Watu milioni 1.3 walifariki dunia mwaka huo kutokana na homa ya ini inayosababishwa na virusi, na asilimia 83 ya vifo hivyo vilitokana na aina ya B. Kanda ya Afrika ya shirika hilo ilikuwa na asilimia 63 ya maambukizi mapya ya aina ya B, lakini ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga wa kanda hiyo waliopata chanjo mara tu baada ya kuzaliwa.

Takwimu nyingine ndizo zinazowagusa zaidi waandaaji wa semina. Kati ya watu wote walioambukizwa aina ya B duniani, asilimia 13 tu walikuwa wamepimwa na kuambiwa hali yao, na takriban asilimia 3 walikuwa wakitumia dawa. Chanjo ipo tangu miaka ya 1980. Dawa pia ipo: tenofovir, inayotumiwa na mamilioni ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, huzuia virusi vya aina ya B visizaliane. Mtu asiyejua kwamba ameambukizwa hawezi kufaidika na dawa hiyo, hata ikiwa imejaa ghalani.

Hapa Uganda chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi waliozaliwa kabla ya mwaka huo hawakuipata utotoni, na ndio watu wazima wanaoingia kliniki leo kwa sababu nyingine kabisa.

Majina yanayopotosha

Somo la kwanza katika semina nyingi ni kuusikiliza ugonjwa bila kutegemea jina alilolitamka mgonjwa. Lugha yetu yenyewe ina mitego. Tunasema “homa ya ini”, na msikilizaji akadhani kwamba asiye na homa hana ugonjwa. Ukweli ni kwamba wengi wenye maambukizi sugu hawahisi homa wala maumivu yoyote kwa miaka mingi. Tunasema pia “homa ya manjano”, ambayo ni maradhi mengine yanayoenezwa na mbu, ilhali macho ya manjano ni dalili inayoweza kutokana na virusi vya ini, jiwe kwenye njia ya nyongo, uvimbe wa kongosho, malaria kali au sumu iliyo katika chakula.

Jina la “vidonda vya tumbo” ni mtego mkubwa zaidi. Watu wengi hulitumia kwa kila maumivu yaliyo chini ya kifua, wakanunua dawa za kupunguza asidi mwezi baada ya mwezi. Vidonda vya kweli vina sababu zinazotibika. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua kwamba bakteria aina ya Helicobacter pylori ndiye chanzo cha vidonda vingi, na kwamba huondolewa kwa antibiotiki. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu zinazotumiwa kwa muda mrefu. Lakini maumivu yanayoambatana na kukonda, kutapika damu, choo cheusi kama lami au chakula kukwama kooni hayapaswi kuitwa vidonda kabla ya uchunguzi. Mhudumu hufundishwa kuzitambua dalili hizo na kumpa mgonjwa rufaa siku hiyo hiyo.

Hesabu ya kalamu na karatasi

Kwa muda mrefu, kuamua ni mgonjwa yupi wa homa ya ini aina ya B aanze dawa kulihitaji vipimo vinavyopatikana katika miji mikubwa tu. Mwaka 2024 WHO ilitoa mwongozo mpya unaopanua orodha ya wanaostahili dawa, na mojawapo ya njia zinazokubalika ni hesabu iitwayo APRI, ambayo mhudumu anaweza kuifanya mezani kwake.

Hesabu hiyo huhitaji vipimo viwili vya damu. Cha kwanza ni kiwango cha kimeng’enya cha ini kiitwacho AST, na cha pili ni idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kiwango cha AST hugawanywa kwa kikomo cha juu cha kawaida cha maabara, jibu huzidishwa mara 100, kisha hugawanywa kwa idadi ya chembe sahani inayohesabiwa kwa mabilioni katika lita moja ya damu.

Tuchukue mfano: mgonjwa ana AST ya 60, kikomo cha maabara ni 40, na chembe sahani ni 150. Sitini kugawanya kwa arobaini ni 1.5; mara 100 ni 150; kugawanya kwa 150 ni 1. Kwa mwongozo wa 2024, mtu mzima mwenye maambukizi sugu ambaye jibu lake limepita 0.5 anastahili kufikiriwa dawa, kwa kuwa huenda ini lake limeanza kupata makovu. Mgonjwa wa mfano wetu, ambaye pengine alikuja kliniki kwa kikohozi, hafai kurudishwa nyumbani bila mpango wa matibabu.

Hesabu hii si kamilifu, na semina hueleza pia mipaka yake. Hata hivyo, inaonyesha kwa nini elimu hii ni ya lazima: vipimo vyote viwili huenda tayari vimo ndani ya faili la mgonjwa, vikimsubiri mtu anayejua kuviunganisha.

Ziwa, damu na umio

Kuna magonjwa yanayoufanya ukanda wetu kuwa na mtaala wake wenyewe. Katika vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Albert, kichocho cha tumbo huharibu mishipa ya damu ndani ya ini. Damu inayokosa njia huvimbisha mishipa ya umio, na mishipa hiyo inapopasuka mgonjwa hutapika damu nyingi kwa ghafla. Mara nyingi ini la mgonjwa wa kichocho bado linafanya kazi vizuri, tofauti na la mgonjwa mwenye sirosisi, yaani makovu yaliyoenea ini zima. Kwa hiyo anayeokolewa katika dakika za mwanzo anaweza kuishi miaka mingi. Mhudumu wa kando ya ziwa akifundishwa hatua za mwanzo, na pia dawa za kupunguza shinikizo katika mishipa hiyo, maisha huokolewa kabla ya gari la wagonjwa kufika.

Magharibi mwa Kenya shida kubwa ni saratani ya umio, inayoonekana kwa wingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika. Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa hawawezi hata kumeza maji. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet ilipata sifa kwa kuweka stenti, yaani mrija wa wavu wa chuma unaolifungua umio, kwa kutumia kifaa cha endoskopia bila kuhitaji mashine ya eksirei. Stenti haiponyi saratani, lakini humrudishia mgonjwa uwezo wa kunywa uji na kumeza chakula laini katika siku zake zilizobaki. Ujuzi wa namna hii hauingii kwa kusikiliza mhadhara peke yake, bali hujifunzwa kwa mikono chini ya jicho la aliyebobea.

Kenya ilitoa funzo jingine mwaka 2004. Katika wilaya za Makueni na Kitui watu walianza kuugua ghafla, macho yakiwa manjano na ini likishindwa kazi. Maafisa wa afya walikumbuka kwamba mwaka 1981 eneo hilo hilo lilikumbwa na sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, wakaishuku mapema. Hata hivyo waliougua walifika 317, na 125 kati yao walifariki dunia. Kisa hicho kinakumbusha kwamba daktari wa ini sharti ajue pia ghala la mgonjwa wake.

Mfano wa Rwanda

Mwezi Desemba 2018 Rwanda ilizindua mpango wa miaka mitano wa kutokomeza homa ya ini aina ya C. Tofauti na aina ya B, aina hii huponywa kabisa kwa vidonge, kwa kawaida ndani ya wiki 12. Ili mpango ufanikiwe, upimaji na matibabu vilitolewa mikononi mwa mabingwa wachache, na wauguzi pamoja na madaktari wa kawaida wakafundishwa kuvifanya katika hospitali za wilaya na vituo vya afya.

Utafiti ulichangia sehemu yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, watu wazima 300 nchini Rwanda walipewa sofosbuvir pamoja na ledipasvir, na asilimia 87 walipona. Waliokuwa na tawi la virusi liitwalo 4r walipona kwa asilimia 56 tu. Baadaye wagonjwa ambao dawa za awali ziliwashinda walipewa mchanganyiko wenye nguvu zaidi, na karibu wote wakapona. Habari ya tawi la 4r ilikuwa muhimu kwa kila anayetibu katika ukanda huu, na semina ndiyo njia ya kumfikishia habari kama hiyo daktari asiye na nafasi ya kusoma majarida.

Je, elimu hii huleta matokeo?

Jibu lililopimwa kwa makini lilipatikana katika jimbo la New Mexico nchini Marekani. Mwaka 2003 bingwa wa ini Sanjeev Arora alianzisha mpango uitwao ECHO, baada ya kuona wagonjwa wa aina ya C wakingoja miezi minane kumwona. Kila wiki madaktari na wauguzi wa vijijini na wa magereza waliungana naye kwa video, wakaeleza wagonjwa wao mmoja mmoja na kushauriana.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kati ya wagonjwa 407, waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu walipona kwa asilimia 57.5, na waliotibiwa na wahudumu waliofundishwa kwa video walipona kwa asilimia 58.2. Dawa za wakati huo zilikuwa sindano ngumu zenye madhara mengi, na bado mhudumu wa kijijini hakupitwa na bingwa.

Zinapokwama

Si kila semina huzaa tunda hilo. Wapo wanaohudhuria kwa ajili ya alama peke yake, wakatia saini asubuhi na kuondoka. Zipo semina zinazofadhiliwa na kampuni za dawa, ambapo dawa ghali yaweza kusifiwa kuliko inavyostahili. Lililo zito zaidi ni pale mhudumu anaporudi kituoni na elimu mpya, akakuta maabara haina kitendanishi na duka la dawa halina tenofovir. Elimu isiyofuatwa na vifaa humwachia mhudumu uchungu wa kuujua ugonjwa asioweza kuutibu.

Msikilizaji naye ana nafasi yake. Anaweza kuuliza kliniki kama amewahi kupimwa homa ya ini aina ya B, na kama hajaambukizwa, apate chanjo. Mama mjamzito aulize kuhusu kipimo hicho na kuhusu chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 za kwanza. Anayetumia dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi mingi aulize kama inafaa apimwe kwa endoskopia. Na anayehifadhi mahindi au karanga azikaushe vizuri kabla ya kuzitia ghalani. Maswali hayo yakiulizwa katika chumba cha zahanati, mhudumu aliyetoka semina atakuwa na mahali pa kuanzia.